Kapita wa Kilo

Nilimdharau mtu huyu miaka yote tuliyofanya kazi pamoja, na kufa kwake hakujanifanya nianze kumsifu. Watu wa kwetu wana tabia ya kumtakasa kila aliyezikwa. Mimi nitamweleza kama nilivyomwona. Anayetaka sifa aende akasome msalaba wake, wanawe wameandika nyingi pale.

Tulimwita Kapita wa Kilo. Kapita ni msimamizi, na mji wetu wa Élisabethville wakati ule ulijaa makapita: wa mgodini, wa reli, wa barabara, hata wa kufagia majani mbele ya nyumba za Wazungu. Huyu wetu alisimamia mizani. Kampuni yetu ya ndege ilikuwa ndogo, ingawa ilibeba bendera ya koloni mkiani kana kwamba ndiyo koloni yenyewe. Ilikuwa na hanga moja la kulazia ndege nje ya mji, kiwanja cha nyasi, na ndege chache zilizokwenda kaskazini, kule Manono na Kongolo, kupeleka barua na wakubwa. Kwa kuwa ndege zilikuwa nyepesi, kila kilichopanda kilipimwa kwanza. Mtu alisimama juu ya mizani akiwa na vitu vyake mkononi, Kapita akasogeza kile chuma kidogo mpaka mkono wa mizani ukatulia, halafu akatangaza. Mimi nilikuwa mpakiaji. Nilisimama karibu naye nikingoja atangaze, ndipo nibebe.

Na hapo penye kutangaza ndipo alipoonyesha moyo wake. Mzungu akipanda mizani, hasa mama wa Kizungu mwenye mwili, Kapita alivua kofia, akainama, akamnong'oneza rubani kilo zile sikioni, kwa upole wa padri anayeungamisha. Hakuna mwingine aliyesikia. Mama alishuka akitabasamu, na Kapita alibaki ameinama kidogo hata baada ya mama kuondoka. Lakini mtu mweusi akipanda, awe katekista, muuguzi au yaya wa watoto wa Kizungu, Kapita alinyoosha mgongo, akajaza kifua, akapiga kelele kwa Kifaransa mpaka madereva waliokuwa nje ya uzio wakageuka. Wanawake walishuka wakitazama chini. Yeye aliandika kwa chaki kwenye kibao chake, akaita mwingine.

Siku moja mke wa mkubwa mmoja alikuja na mbwa wake. Mbwa akawekwa juu ya mizani, akashikwa miguu ili atulie. Kapita akatazama, akavua kofia, akanong'ona. Kilo za mbwa alizinong'ona. Nilicheka mpaka nikalazimika kwenda kujificha nyuma ya mapipa ya mafuta, na aliponikuta huko aliniambia kwa ukali kwamba sijui heshima.

Neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa « aviation », yaani mambo ya ndege. Hakusema hata siku moja kwamba anafanya kazi ya mizani. Alisema, « Sisi ba aviation. » Baba yangu alikuwa mtu wa reli, kama wengi waliotoka kaskazini wakahamia mjini na rozari zao shingoni, na Kapita alipopita mbele ya nyumba yetu alimsalimu baba kwa namna ya kumhurumia. Kwake yeye treni ilikuwa kitu cha watu wasiokuwa na haraka. Alizungumzia mawingu, upepo wa juu, namna mto Lualaba unavyong'aa ukiuona kutoka angani. Watoto wa mtaa walimfuata wakimsikiliza.

Hakuwa amepanda ndege hata mara moja. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Mokambo, pale mpakani, kwa lori la mizigo, na shemeji yake aliyekuwa naye alituambia kwamba alitapika njia nzima.

Alijua mwanzo wa kampuni kama wengine wanavyojua katekisimu, na alitusimulia tusipotaka. Ndege ya kwanza ilikuwa ya mbao na kitambaa, ikinuka gundi. Kabla haijatua ilibidi watu wakimbize mbuzi kiwanjani, na yeye alikuwa miongoni mwa wakimbizaji, ingawa katika masimulizi yake mbuzi walipungua kila mwaka na yeye akazidi kuwa mkubwa. Baadaye zikaja ndege za bati. Ile ya kitambaa ilipovunjwa, akina sisi tukachukua mbao zake za kuwashia moto, na Kapita alisimama pembeni akalia machozi ya kweli. Mwaka ule ule mpakiaji mwenzetu aliangukiwa na pipa akafa, na Kapita hakufika msibani. Alisema ndege ilikuwa inatarajiwa.

Bendera pia ilikuwa mali yake. Kila ndege ilipokaribia, aliipandisha mlingotini, bluu na nyota yake ya manjano, na ilipoondoka aliishusha akaikunja kama kitambaa cha altare. Mpakiaji mmoja aliiachia iguse matope, akapigwa kofi. Lakini mvua ilipotunyeshea ghafla na makreti ya vyakula vya Wazungu yakiwa nje, nilimwona kwa macho yangu akiivuta bendera ile ile na kuyafunikia. Abiria weusi walisimama pembeni wakilowa na watoto mgongoni. Hakuona tatizo lolote. Kama angeulizwa, angejibu kwamba makreti yalikuwa yameshapimwa, na mzigo ukilowa kilo zinaongezeka.

Nimtendee haki mahali ambapo haki yake ipo. Hakula rushwa. Watu walimletea kuku, unga, samaki wakavu kutoka Kampemba, ili awafichie kilo mbili tatu, naye aliwarudisha na kuku wao. Mizani yake haikudanganya. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na bado naona angepokea kuku ningemheshimu zaidi. Mwenye kula kuku wako angalau amekubali kwamba wewe upo. Huyu alikuwa mwaminifu kwa kipande cha chuma.

Ugonjwa huo wa kupima aliubeba mpaka kanisani. Watu walipopanga mstari kwenda kukomunika, yeye alikaa benchi la nyuma akiwaangalia na midomo ikimchezacheza, na wote tulijua anafanya nini. Alimpima padri. Alimpima bibi arusi. Msibani aliwatazama wabebaji wa jeneza jinsi magoti yao yalivyokunjika, akamnong'oneza jirani yake hesabu ya marehemu. Mkewe aliniambia siku moja, bila kucheka, kwamba hata mtoto akizaliwa alimwinua kwanza kwa mikono miwili, akasema kilo, ndipo akauliza kama ni wa kiume au wa kike.

Kitu kimoja tu alikitaka duniani, na kila mtu alijua. Kampuni ilikuwa na desturi: mfanyakazi mweusi akimaliza kazi yake ya miaka yote, alipewa safari moja ya ndege, kwenda na kurudi, kama kilo zitabaki. Mtu mweusi hakuwa na kiti katika ndege zile. Alipanda kwa kilo zilizobaki baada ya Wazungu na mizigo yao. Kapita alishachagua safari yake tangu zamani. Alitaka kwenda Kongolo, ili apite juu ya Lualaba na kuuona mwenyewe. Aliposema habari hiyo sauti yake ilibadilika, na kwa dakika chache ungeweza kumpenda. Kisha alikuja abiria mweusi, akapanda mizani, na mapenzi yakaisha.

Sasa niseme kwa nini chuki yangu ilipata mahali pa kukaa.

Dada yangu mkubwa, Feza, aliolewa na mtu wa reli wa Kongolo. Alikuwa amekuja mjini kumwuguza mama yetu, Noeli ikikaribia, habari zikafika kwa simu ya reli kupitia kwa baba: mumewe amebanwa na mabehewa, bado anaongea, anamwita. Kwa treni mpaka Bukama na kisha boti ya mtoni, ilikuwa safari ya siku nyingi. Kwa ndege angefika kabla ya jioni. Padri akaenda kumwomba Mzungu mkuu wa uwanja, naye akakubali: kilo zikibaki, apande.

Wanawake wa mtaa wakamshauri. Hakuna aliyewahi kupanda, lakini wote walikuwa na uhakika kwamba mizani inahesabu mzigo tu, na kwamba nguo ya mwilini si mzigo. Kwa hiyo asibebe kitu mkononi, avae kila kitu. Feza alivaa vitenge vyake vyote, kimoja juu ya kingine, na unga wa mgonjwa akaufunga tumboni kwa kitambaa. Alifika uwanjani akitembea kama mama aliyekaribia kujifungua, jasho likimtoka, na kikapu chake kitupu.

Kapita alimtazama, akamwambia apande. Akasogeza chuma, akakisogeza tena. Halafu akanyoosha mgongo.

« Quatre-vingt-douze! »

Kilo tisini na mbili. Wazungu waliokuwa chini ya kivuli cha bawa waligeuka. Kapita akauliza, kwa sauti ile ile, kama mama ana mapacha. Rubani mmoja akacheka. Kapita alimwamuru avue, na Feza akavua pale pale, kitenge baada ya kitenge, mbele ya wapakiaji na mbele ya mabibi wenye miavuli, na mimi mdogo wake nikaviokota kutoka kwenye nyasi. Akafungua na unga. Akavua viatu bila kuambiwa. Alibaki na blauzi na kitenge kimoja, akapanda tena mizani, na safari hii kilo zilitosha. Kapita mwenyewe alikiri kwamba zilitosha. Nilimwona dada yangu akipumua.

Ndipo lori likaja. Lilileta makreti ya divai ya sherehe ya mkubwa mmoja kule kaskazini, na yote yalitakiwa kwenda siku ile. Mzungu mkuu alijikuna shingo. Rubani, yule aliyecheka, alisema tuache makreti mawili yangoje ndege nyingine, divai haifi. Mzungu mkuu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Na hapo, bila kuulizwa na mtu, Kapita alivua kofia akasema kwa Kifaransa chake kizuri kwamba hakuna haja, patron, huyu mwanamke anaweza kwenda kwa treni. Kisha akamgeukia Feza.

« Ndege haina na huruma, mama. Iko na kilo. »

Nasema tena, hakuulizwa. Kinywa cha Mzungu kilikuwa tayari kusema ndiyo. Huyu mtu wetu alimwokoa Mzungu asipate shida ya kutenda wema. Mimi nilipakia divai, na Feza alikaa kwenye nyasi akivaa vitenge vyake kimoja kimoja, taratibu, mpaka ndege ikaondoka na Kapita akaikunja bendera.

Alikwenda kwa treni na boti. Alipofika Kongolo alionyeshwa udongo ambao ulikuwa umekwisha kukauka. Shemeji yangu alikuwa ameuliza mpaka siku ya mwisho kama ndege imetua. Feza alirudi kwetu, akaanza kupika munkoyo, kile kinywaji cha mahindi ambacho watu wa hapa hunywa baada ya misa, akauza uani kwake. Hakulizungumzia jambo lile. Hakumsema Kapita kwa ubaya, na alipompita njiani alimsalimia kama mkubwa. Kapita naye aliitikia vizuri. Nilichelewa kuelewa kwamba hakuwa anajifanya. Alikuwa amesahau. Feza alikuwa kilo zilizoandikwa kwa chaki, na chaki hufutwa.

Miaka ikapita, na siku yake ya kupumzishwa ikafika. Aliaga mtaa mzima. Alishona koti jipya, akanunua kofia ngumu, akaazima sanduku la ngozi kwa mwalimu. Asubuhi ya safari alikuja uwanjani mapema kuliko sisi, akapandisha bendera mwenyewe kwa mara ya mwisho, ingawa haikuwa tena kazi yake. Kwenye mizani alisimama kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi. Kapita alilileta sanduku kwanza, kwa kuwa ndiyo sheria aliyoiweka: mzigo mbele, mtu nyuma. Nikalibeba, nikalisukuma mpaka chini kabisa, magunia ya barua yakalala juu yake.

Halafu akapanda yeye. Alivua kofia. Nilimwona akimwinamia kidogo yule mwanafunzi wake, kana kwamba anamtegea sikio. Mwanafunzi alikuwa amefundishwa vizuri. Alijaza kifua akatangaza mpaka madereva wakageuka.

Zilizidi kidogo. Kapita akavua koti. Bado. Akavua viatu, akasimama na soksi, moja imetoboka kidoleni. Zikatosha. Alikuwa tayari ameshika mlango wa ndege wakati gari lilipoingia kwa kasi, na Mzungu fulani akashuka na bunduki zake na mbwa wawili. Mzungu mkuu wa wakati ule, ambaye hakuwa yule wa zamani, hakujikuna hata shingo. Alifanya ishara kwa mkono, kama mtu anayefukuza nzi. Hakukuwa na rubani wa kusema mbwa wangoje. Hakukuwa na mtu wa kusema lolote, na mimi sikutafuta la kusema. Kilo za mbwa zilinong'onwa.

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo, na ninakiri ilikuwa tamu kwa muda mfupi. Kisha Kapita akavaa viatu vyake, akamgeukia mwanafunzi, akamwambia kwamba amefanya sawa, kazi iko vile. Akamshukuru na Mzungu. Utamu ukanitoka mdomoni. Hata pale alipovuliwa mbele ya watu alikuwa bado upande wa mizani. Ndege ikaondoka na sanduku lake.

Hakurudi nyumbani kwa njia ya kawaida. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kupitia jikoni, akajifungia. Siku zote ambazo ndege ilikuwa kaskazini hakutoa hata pua nje. Mkewe aliambiwa akiulizwa aseme mzee yuko Kongolo. Ndege iliporudi alitokea hangani kutoka upande wa vichaka, nikamkabidhi sanduku, limefungwa karatasi ya kampuni yenye jina la Kongolo. Aliiangalia karatasi ile, akaniuliza kama sanduku halikutupwatupwa. Hakuitoa karatasi. Alipita nalo barabara kuu ya mtaa, mchana, polepole.

Nilimweleza Feza yote. Alisikiliza akikoroga sufuria, akaniuliza kama njaa inaniuma.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, ua wa Feza ulijaa watu, na Kapita alikuja na koti jipya. Alipewa kiti. Akaanza. Nyumba zimekuwa ndogo kama viberiti, alisema, na mbuga kama mkeka, na Lualaba, bantu ya Mungu, Lualaba. Alisimulia vizuri. Miaka yote ya maneno ya marubani ilitoka kinywani mwake kama yake mwenyewe. Watu walisahau vikombe mikononi. Mimi nilisimama mlangoni, hatua mbili kando ya kiti chake, nikisubiri achoke. Hakuchoka. Alitua Kongolo, akalala kwa mapadri, akatembea mji mzima, akapita na makaburi ya watu wa reli yaliyo kando ya kanisa, akasali pale.

Feza alikuwa anazunguka na mtungi akijaza vikombe. Alipomfikia Kapita akasimama.

« Kaburi ya bwana yangu uliiona, baba? Ule mwenye mabehewa balimubana. Ile siku ulinishushaka ju ya divai. »

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anataka kujua, au alijua kumfanya mtu aamini hivyo. Kapita alimtazama, na nikaona jambo lile likimrudia usoni, vitenge vile na unga na nyasi, kama vile mtu anavyomtambua aliyemsalimia miaka mingi bila kumjua. Mdomo wake ulifunguka. Angeweza kusema ndiyo, kaburi liko safi, nililiona, na ua mzima ungemwamini. Nilimtaka aseme hivyo, ili nimdharau mpaka mwisho bila kazi.

Aliweka kikombe chini. Akasimama, akavua kofia, akainama mpaka kwenye sikio la dada yangu, kama alivyokuwa akiwafanyia mabibi wa Kizungu, na nilikuwa karibu kiasi cha kusikia.

« Shikufika, mama. Balinishusha. »

Mtungi ulikuwa bado mkononi mwa Feza.

« Sema na sauti, » alimwambia. « Sisi unatusemeaka na sauti. »

Watu hawakujua kinachoendelea. Kapita akanyoosha mgongo, akajaza kifua, akalisema tena kwa sauti ile ile aliyotangazia kilo za dada yangu, mpaka waliokuwa wanapita barabarani wakageuka.